Shajara ya mradi: kapasita za ubao wa umeme wa kengele ya simtanki

Jumamosi

Kengele ya simtanki sasa inafanya kazi mezani. Kihisi kinapiga sauti isiyosikika na sikio hadi kwenye uso wa maji (kwa sasa ni ndoo), kinasubiri mwangwi, na maji yakishuka kupita alama niliyoweka, moduli ya SIM800L inatuma ujumbe kwenye simu ya nyumbani. Programu imetulia. Ila umeme wote unatoka kwenye chaja ya simu niliyoikata waya, na kitu kama hicho hakipandi juu ya paa la mtu. Kwa hiyo kazi ya sasa ni ubao wa umeme, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchagua kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme na kuitoa inapohitajika.

Nimeamua kutumia regyuleta (vipande vinavyoshikilia volti isiyobadilika) za kawaida, zisizo za swichi. Najua zinageuza volti za ziada kuwa joto. Lakini kifaa hiki muda mwingi kimelala, kinakula miliampea chache, na joto la maana litakuwapo sekunde chache tu wakati wa kutuma ujumbe. Faida yake naipenda: siku ikiharibika nikiwa sipo, fundi yeyote wa redio mtaani ataifungua, ataielewa, na spea ataipata Kariakoo siku hiyohiyo.

Mpangilio ni huu. Transfoma ya volti 9, ampea 1. Daraja la dayodi nne za 1N4007, la kugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja. Kapasita kubwa ya kulainisha. Hapo umeme unagawanyika: upande mmoja regyuleta ya LM317 iliyopangwa volti 4.08 kwa ajili ya SIM800L, upande wa pili LM2940 ya volti 5 kwa ajili ya kihisi. Baada ya LM317 inafuata MCP1700 ndogo inayotoa volti 3.3 kwa ajili ya kidhibiti, ATmega328P.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini 3.3 nisiitoe kwa AMS1117 ambayo imejaa kila duka. Ile inataka volti kama 1.1 hadi 1.3 juu ya kile inachotoa. Mimi juu ya 3.3 nina pengo la 0.78 tu. Haiwezi. MCP1700 inaridhika na pengo la chini ya volti 0.2 hata ikibeba mzigo wake kamili wa miliampea 250, na yenyewe haili hata maikroampea 2. Sharti lake moja ni kutopewa zaidi ya volti 6, ndiyo maana inakaa nyuma ya LM317 na si moja kwa moja kwenye kapasita kubwa.

Jumapili

Hesabu za kapasita kubwa, ile ya baada ya daraja. Hapa swali la kwanza ni volti za ukutani, maana maandishi ya kwenye transfoma yanadhani nyumba yako inapata 230 saa zote. Yangu haipati. Saa moja jioni mtaa mzima ukiwasha pasi, majiko na feni, multimita kwenye soketi inasoma 190. Usiku wa manane inapanda mpaka inakaribia 250. Ubao huu lazima uishi kote kuwili.

Naanza na 190. Transfoma ya volti 9 inatoa 9 × 190 ÷ 230, yaani 7.4. Kilele chake, ukizidisha kwa 1.414, ni 10.5. Toa volti 1.8 za dayodi mbili zinazopitisha kwa wakati mmoja, inabaki 8.7. Hiyo ndiyo volti ya juu kabisa kwenye kapasita. Kati ya kilele na kilele kapasita inabeba mzigo peke yake, na volti inashuka. Umeme wetu ni wa hezi 50, daraja linatumia nusu zote mbili, kwa hiyo vilele vinakuja mara 100 kwa sekunde. Kushuka ni mkondo kugawanya kwa 100 mara faradi. Hesabu hii inazidisha kidogo, kwa sababu inachukulia kwamba kapasita haijazwi kabisa hadi kilele kinachofuata, na mimi nataka izidishe.

Mzigo nimeuweka nusu ampea. Kwa 1000µF (maikrofaradi, sehemu za milioni za faradi) kushuka ni volti 5, yaani bondeni tunabaki na 3.7. Hiyo ni takataka. Kwa 2200µF kushuka ni 2.27, bonde linakuwa 6.4. LM317 inahitaji kama volti 2 juu ya 4.08, kwa hiyo mpaka wake ni karibu 6.1. Inapita, lakini kwa kuchungulia tu. Kapasita za aina hii zinaruhusiwa kupungua asilimia 20 tangu kiwandani, na 2200 iliyo pungufu hivyo ni 1760. Bonde linaanguka hadi 5.9 na SIM800L inaanza kupewa umeme wenye mawimbi ya hezi 100 jioni tu, mchana haina tatizo. Ugonjwa wa namna hiyo unaweza kukutafuna mwezi mzima bila kuujua.

Kwa 4700µF kushuka ni 1.06 na bonde ni 7.6. Hata ikipungua asilimia 20, bonde ni 7.4. Hiyo ndiyo nachukua.

Kwa nini nisipande hadi 10,000? Kadiri kapasita inavyokuwa kubwa ndivyo dayodi zinavyopitisha mkondo wote kwa kipande kifupi zaidi cha kila mzunguko. Mkondo unakuja kwa mapigo makali ya muda mfupi, transfoma inachemka zaidi kwa kazi ileile, na swichi inapowashwa dayodi zinapokea pigo kubwa la kwanza. Halafu kopo lenyewe haliingii kwenye kasha langu.

Sasa upande wa 250. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa. Yangu nimeipima, inatoa 11 kwa 230. Kwa 250 inakuwa karibu 12, kilele chake 16.9, toa dayodi ambazo kwa mkondo mdogo zinachukua 1.2 hivi, inabaki 15.7. Kapasita ya volti 16 ingekaa hapo usiku kucha ikiwa imeshikilia ukingo. Nachukua ya volti 25. Ya 35 ingekuwa salama zaidi kwenye karatasi ila ni nene na haina kazi ya kunifanyia.

Jambo la tatu ni joto. Kasha litakaa chini ya bati, Dar es Salaam. Kapasita nzuri imeandikwa nyuzi 105, na kwenye karatasi ya mtengenezaji utaona saa 2000. Maana yake ni saa 2000 kwenye nyuzi hizo 105, na kila ukishuka nyuzi 10 maisha yanakuwa takriban mara mbili. Kwenye nyuzi 65 ni mara 16, saa 32,000, zaidi kidogo ya miaka mitatu na nusu mchana na usiku. Ile ya nyuzi 85 yenye saa 2000 hizohizo, kwenye nyuzi 65 inapata mara 4 tu: saa 8000, miezi kumi na moja. Kwa macho zinafanana kabisa. Tofauti ni maandishi madogo ubavuni, na bei ambayo wala si kubwa.

Jumatatu

Kariakoo. Duka la kwanza walikuwa na 4700µF 25V, nyuzi 105, zenye kopo dogo kuliko nilivyozoea. Ukiishika ni nyepesi, kama vile ndani hakuna kitu. Nikamuuliza muuzaji kama hana nyingine.

"Dada, hizi zote ni zilezile. Ndogo ndiyo mpya, teknolojia imekua."

"Sawa kaka, nipimie basi."

Alikuwa na kipima kizuri tu chini ya kaunta. Akaiweka, ikasoma 3100 na kitu. Akaigeuza, akairudia, ikasoma vilevile. Akacheka mwenyewe: "Hii itafaa redio." Akanitolea nyingine kutoka boksi la nyuma, nzito, ikasoma 4480. Nikachukua mbili.

Nina mifuko yangu ya kapasita nilizotoa kwenye mbao mbovu za vifaa vya umeme, lakini za elektroliti (za kopo, zenye majimaji ndani) sizigusi kwa kazi kama hii. Mbao mama za kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilinifundisha mapema: kipindi kile dunia nzima ilipata kapasita zenye majimaji mabaya ndani, zikavimba vichwa na kuvuja. Hata isiyovimba inaweza kuwa imekauka. Hata ujazo wake (kiasi cha chaji inachobeba) ukisoma vizuri, ukinzani wake wa ndani umeshapanda. Seramiki za kutoa natumia bila wasiwasi.

Za seramiki nimenunua za miguu, zile za njano. Hapa soma herufi inayofuata namba. 104 ni 0.1µF, 105 ni 1µF. Ikifuata K ni kosa la asilimia 10, M ni 20. Ukikuta 104Z, iache. Z inaruhusu kuzidi asilimia 80 au kupungua 20, na kwa kawaida ndani yake ni udongo wa aina ya Y5V, ambao kati ya nyuzi 30 chini ya sifuri na nyuzi 85 unaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82. X7R inabaki ndani ya asilimia 15 toka nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125.

Lakini hata X7R ina siri ambayo herufi hizo hazisemi: ujazo unapungua kadiri unavyoipa volti. Kadudu kadogo ka kubandika, 10µF ya volti 6.3, ukikapa volti 5 kanaweza kubaki na chini ya nusu. Kwa hiyo 1µF zangu nimechukua za volti 50 ingawa zitaona volti 4 tu. Kopo la volti nyingi lina nafasi zaidi ndani, na kwa volti ndogo linabaki karibu na ujazo wake.

Tantalamu pia nimechukua chache. Ni kapasita nzuri, ndogo na tulivu kwa joto, na madini yake sehemu kubwa yanachimbwa majirani zetu hapa, mashariki ya Kongo na Rwanda, yakiitwa koltani kabla hayajasafishwa. Ila ina tabia mbili. Ya kwanza, mstari uliochorwa ubavuni unaonyesha chanya, wakati kwenye elektroliti ya kawaida mstari ni hasi. Ukizoea moja utaibandika nyingine kinyume. Ya pili, ikifa huwa inafunga njia, na ikifunga njia mbele ya chanzo chenye nguvu inawaka moto. Kwa hiyo haikai karibu na kapasita kubwa, na inapokaa naipa nusu tu ya volti iliyoandikiwa.

Jumatano usiku

LM2940. Hii niliitoa kwenye kifaa kibovu cha gari, na huko ndiko kwao: inavumilia betri kuunganishwa kinyume na inatosheka na pengo la nusu volti hata kwa ampea 1. Jioni ya volti 190 hainipi shida hata kidogo. Lakini ndiyo regyuleta yenye masharti kuliko zote kwenye ubao huu, na masharti hayo yote yanahusu kapasita ya upande wa kutokea umeme.

Karatasi yake inataka angalau 22µF, na ina mchoro wa ukinzani wa ndani wa kapasita hiyo: uwe takriban kati ya omu 0.1 na omu 1. Wengi wanasoma 22µF na kufunga karatasi. Ukifuata mazoea ya siku hizi, unaweka seramiki ya 22, unasema hii ni bora kwa sababu ukinzani wake ni karibu na sifuri. Nilitaka kuona kwa macho inavyokuwa, nikaiweka hivyo makusudi kwenye ubao wa majaribio. Nimeweka seramiki kadhaa sambamba, ili hata baada ya kupungua kwa volti ibaki zaidi ya 22.

Multimita: 5.00. Nzuri kabisa, ungefunga kasha na kwenda kulala. Osiloskopu (kifaa kinachochora volti inavyobadilika kwa muda): mstari si mstari, ni utepe. Nikapanua muda na utepe ukafunguka kuwa wimbi laini la mamia ya milivolti, linakwenda makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Nikaunganisha kihisi. Ndoo haijaguswa, lakini kina cha maji kinaruka sentimita kadhaa juu na chini, kwa sababu kihisi chenyewe kinasikiliza mwangwi wa kilohezi 40 huku umeme wake unapiga kelele jirani na hapo.

Sababu yake ni hii. Ndani ya regyuleta kuna amplifaya inayolinganisha volti ya kutoka na rejea yake. Ikiona imeshuka inafungua transista, ikiona imepanda inabana. Kwenye LM317 transista hiyo inatoa umeme kwenye mguu uitwao emita, njia nyepesi ya kutokea, kwa hiyo kapasita ya nje haina uwezo mkubwa wa kuivuruga; inaweza kukaa hata bila kapasita. Kwenye LM2940 transista ni ya aina ya PNP na inatoa kwenye mguu mwingine, kolekta. Ndiyo inayoipa pengo dogo, lakini kutokea hapo ni njia nzito, na kapasita ya nje inakuwa sehemu ya mzunguko wa mrejesho wenyewe. Kapasita inachelewesha habari, na amplifaya ina uchelewaji wake tayari. Ni kama konda anayemwelekeza dereva kurudi nyuma huku sauti inamfikia imechelewa: anasikia "simama" gari limeshapita, anasikia "rudi" limeshasimama. Amri iliyokuja kuzuia inafika wakati wa kuchochea, na hapo saketi inaanza kuyumba yenyewe.

Ukinzani wa ndani wa kapasita unaondoa sehemu ya uchelewaji huo. Kuanzia masafa fulani kapasita yenye ukinzani inaanza kutenda kama rezista, na rezista haicheleweshi. Masafa hayo ni 1 gawanya kwa 2π mara ukinzani mara ujazo. Kwa 22µF na omu 0.47 yanatokea karibu na kilohezi 15, mapema vya kutosha kusaidia. Kwa seramiki ya omu 0.005 yanatokea zaidi ya megahezi 1, ambako amplifaya imeshachoka zamani na msaada hauna maana.

Nikatia rezista ya omu 0.47 kwenye mguu mmoja wa seramiki zilezile. Utepe ukawa mstari. Kina cha ndoo kikatulia palepale.

Njia hiyo ingefaa kuachwa, seramiki pamoja na rezista yake. Lakini nimeweka elektroliti ya alumini, 47µF 35V, nyuzi 105, ambayo kipima changu kinaipa ukinzani wa omu 0.4. Karatasi inaonya kwamba kwenye baridi kali, nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, ukinzani wa alumini unapanda mara nyingi na kutoka nje ya mchoro. Temeke hiyo baridi tutaisubiri sana. Kinachonihusu ni kukauka kwa joto miaka inavyokwenda, na kutoka 0.4 hadi 1 nina nafasi. Mwenye kifaa Njombe mlimani bado yumo ndani ya mchoro. Anayejenga kwa ajili ya chumba cha barafu cha samaki achukue tantalamu.

Nyongeza muhimu: kapasita zilizoko kwenye mzigo nazo zinahesabika. Ukiweka elektroliti nzuri ya omu 0.4, halafu moduli uliyoiunganisha ina seramiki ya 22 juu yake sentimita mbili kutoka hapo, umerudi ulikotoka. Kihisi changu kina 0.1µF, na kiko mwisho wa waya mrefu. Nimejaribu kwa waya na bila waya, mstari umetulia.

Alhamisi

LM317 na SIM800L. Rezista ni omu 120 na omu 270, volti 1.25 × (1 + 270 ÷ 120) inatoa 4.06, na mkondo mdogo wa mguu wa kurekebishia unaongeza hadi 4.08. Nimechukua 120 badala ya 240 inayoonekana kwenye michoro mingi, kwa sababu LM317 inaweza kudai hadi miliampea 10 za kupita muda wote ndipo ishike volti yake, na 120 inazitoa bila kutegemea mzigo.

SIM800L inaishi kati ya 3.4 na 4.4. Ikiongea na mnara haivuti mkondo sawasawa. Inavuta kwa mapigo ya maikrosekunde 577, kila milisekunde 4.615, na kila pigo linaweza kufika ampea 2. Wastani ni mdogo, lakini moduli haiangalii wastani, inaangalia volti iliyopo wakati wa pigo. Ikikuta chini ya 3.4 inazima na kuwaka upya, na mtu anaanza kulaumu laini ya simu.

LM317 inaahidi ampea 1.5. Mara nyingi inatoa zaidi, ila nahesabu ilichoahidi. Inabaki nusu ampea ya kutoka kwenye kapasita kwa maikrosekunde 577. Kwa 470µF kushuka ni volti 0.61, na mimi kutoka 4.08 hadi 3.4 nina 0.68 tu, ukiongeza ukinzani wa ndani na waya hakuna kinachobaki. Kwa 1000µF kushuka ni 0.29. Nimeweka 1000µF 16V ya ukinzani mdogo, na hapa ukinzani mdogo ni sifa, kinyume cha jana usiku, kwa sababu LM317 haiuhitaji na moduli inauchukia. Sambamba nayo tantalamu ya 100µF 16V mguuni mwa moduli kabisa, seramiki ya 0.1, halafu 33pF na 10pF (pikofaradi, ndogo sana) za seramiki ya aina ya NP0 ili mawimbi ya redio ya megahezi 900 na 1800 yasiingie kwenye nyaya za umeme. Hizi mbili za mwisho zisipokuwa milimita chache tu kutoka kwenye moduli usijisumbue kuziweka.

Osiloskopu wakati wa kutuma ujumbe: mabonde ya chini kabisa ni 3.82. Waya kati ya ubao na moduli nimeufupisha hadi vidole vitatu, na kabla ya hapo, kwa waya mrefu wa majaribio uleule mwembamba, bonde lilikuwa 3.6. Tofauti ya volti 0.2 kwa sababu ya waya tu.

Wazee wa redio huweka 10µF kwenye mguu wa kurekebishia wa LM317. Inapandisha uwezo wa kuzuia mawimbi ya kuingia kutoka desibeli 65 hivi hadi 80. Mimi nimeiacha. Desibeli 65 tayari zinageuza volti 1 ya mawimbi kuwa chini ya milivolti 1, na moduli yangu haijui tofauti. Kwenye amplifaya ya muziki ningeiweka bila kufikiri.

Dayodi ya kurudisha, 1N4007 kutoka mguu wa kutokea wa LM317 kwenda mguu wake wa kuingilia, hiyo siachi. Umeme ukikatika, na huku hukatika, kapasita kubwa inanyonywa na LM2940 pia, huku 1000µF ya upande wa SIM bado ina volti 4. Bila dayodi chaji hiyo inarudi nyuma kupitia tumbo la LM317.

Mbele ya LM317 nina seramiki ya 0.1 miguuni mwake kabisa, ingawa 4700µF haiko mbali. MCP1700 ina 1µF moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Yenyewe imetengenezwa ikijua seramiki, haidai ukinzani wowote; inadai tu kapasita iwe karibu.

Jumamosi

Kulehemu. Bati la mgongoni mwa LM317 ndani yake limeungana na mguu wa kutokea, la LM2940 limeungana na ethi (upande hasi wa saketi), kwa hiyo kwenye kipozajoto kimoja lazima moja ikae juu ya karatasi ya mika na bushi ya plastiki. Nimeitenga LM317. Wakati wa kutuma, kwa umeme wa 230, inabeba kama volti 6.3 kwa wastani wa ampea 0.35, wati 2.2, kwa sekunde chache. Kipozajoto ni kipande cha alumini cha mlango, kinatosha.

4700µF imekaa kona ya mbali kabisa na kipozajoto. Kwa mara ya kwanza nilichora ubao kuanzia kwenye kapasita hiyo na kuzunguka, na ilisaidia: ethi zote zinakutana kwenye mguu wake hasi, waya wa daraja ukija peke yake. Ukiacha mapigo ya kuchaji kutoka kwenye daraja yapite njia moja na ethi ya regyuleta, hezi 100 zinaingia nyuma ya regyuleta na hakuna kapasita ya kuzitoa.

Jumatatu jioni

Nimesubiri saa ya pasi. Soketi 191. Kwenye kapasita kubwa, osiloskopu inaonyesha kilele 8.9, na bonde wakati wa kutuma ni 8.0, juu kidogo ya hesabu, kwa sababu wastani wa mzigo wote haufiki nusu ampea niliyoiweka. Upande wa SIM bonde la chini ni 3.80. Kihisi 5.01, mstari. Ujumbe umefika simuni.

Mchana, chini ya bati, kipimajoto ndani ya kasha lililofungwa kilisoma nyuzi 58. Nimetoboa matundu upande wa chini na juu, na kuyafunika kwa wavu wa mbu kwa ajili ya nyigu. Kazi inayofuata ni kihisi: kwenye simtanki halisi kuna kiwingu cha mvuke asubuhi kinachoivuruga sauti, na nadhani nitahitaji bomba la plastiki la kuiongoza.